Mkono wa Kushoto wa Bi Mina

Bi Mina alikuwa fundi cherehani wa aina ile inayokera. Ukimpelekea suruali aipunguze, hakuamini vipimo vyako, hakuamini vya mwenye duka, na mara nyingine hakuamini hata vyake mwenyewe mpaka azungushe futi mara ya pili. Jina lake kamili ni Belarmina, lakini katika mji mzima wa Chisavita hakuna aliyekuwa na muda wa jina refu hivyo. Sare za shule, majoho ya wanakwaya, mapazia ya ukumbi wa mji, vyote vilipita chini ya sindano yake. Na kila mwezi wa Agosti, upepo wa milimani unapoanza kung'oa kofia za watu uwanjani, mji ulitazama juu kuona kazi yake nyingine: tiara mbili, moja ya kijani na moja ya buluu, zikicheza pamoja juu ya paa la kanisa.

Aliyezishona ni yeye. Waliozirusha ni wengine. Ya kijani ilikuwa ya mumewe, Eliécer, na ya buluu ilikuwa ya Arsenio, mdogo wake Eliécer. Hizi si zile tiara za uzi mmoja ambazo unafunga kwenye mti ukaendelea kula zako viazi. Zina nyuzi mbili, kila mkono na wake. Ukivuta kushoto inakata kona kushoto, ukivuta kulia inakwenda kulia, na ukitaka ipande wima basi mikono miwili iwe sawasawa, mmoja usimzidi mwenzake hata kidogo. Kwa miaka ishirini na miwili ndugu hao wawili walisimama bega kwa bega katikati ya uwanja, Jumapili ya kwanza ya Agosti, na Bi Mina akasimama nyuma yao na sindano yake imechomekwa kwenye kola, pengine kitu kitachanika. Vishikio hakuwahi kuvigusa. Hakuna aliyemwambia aguse, naye hakuomba.

Eliécer akafa Februari. Moyo tu, akiwa na gunia la viazi begani, hakufika hata ukingo wa shamba. Walipomaliza kumzika na jamaa wakarudi makwao, kilichobaki nyumbani ni ile tiara ya kijani nyuma ya mlango wa chumba cha kushonea. Kila upepo ukipenya, ilinong'ona. Bi Mina alivumilia mnong'ono huo wiki tatu, na siku ya ishirini na mbili akamwita shemeji yake chakula cha mchana.

"Shemeji, nataka unifundishe," akasema, akimpakulia supu.

"Nikufundishe nini? Kupika? Hapo umechelewa sana."

"Cheka tu. Kurusha. Nataka ya kijani iwepo uwanjani Agosti hii, na niirushe mimi."

Arsenio akaacha kijiko kizame kwenye bakuli. Alikuwa mtu mnene mpole, mwenye sauti ya chini, fundi saa, na watu walimpenda kwa sababu hakuwahi kumkatalia mtu kitu usoni.

"Ni miezi minne na kidogo, shemeji."

"Nimewatazama miaka ishirini na miwili. Najua kila kona mnayokata."

"Kutazama na kurusha ni vitu viwili."

"Ndiyo maana nikasema unifundishe. Na kama hutaki, sema. Mimi si mtoto."

Arsenio akainua macho kwenye picha ya kaka yake ukutani, akayarudisha kwenye supu. "Nani amesema hataki? Njoo kilimani Jumamosi. Ila nipe uzi kidogo, huo wa kijani. Kuna mahali nataka kupafunga."

Bi Mina akafungua droo, akavuta uzi ule ule aliotumia kushonea tiara ya Eliécer, akaukata kwa meno yake mwenyewe, akampa.

Sasa, sisi wa Chisavita tuna adabu zetu za kilimani, tunakojifunzia kurusha, na sitaki mtu aniambie ni nzuri, maana siku hizi zinanitia kichefuchefu. Ya kwanza, nyuzi anazifunga mwalimu. Mwanafunzi anazipokea zimekunjwa tayari kwenye kibao chake, na kuzipima baada ya hapo ni kama kunusa chakula ulichopakuliwa na mwenyeji. Ya pili, mwanafunzi wa mtu haelekezwi na mtu mwingine. Anaweza kuwa anakosea mpaka ng'ombe wanashangaa, wewe unatazama pembeni. Ana mwalimu wake.

Kwa hiyo Bi Mina, mwanamke aliyepima mapazia mara mbili, alipokea nyuzi zile kwa mikono miwili na kusema ahsante.

Jumamosi ya kwanza tiara ilipanda mita tano, ikainama kushoto, ikachimba ardhi kwa pua. Akaisimamisha tena. Ikapanda, ikainama kushoto, ikachimba. Mara kumi na nne alihesabu, na mara zote kumi na nne ilikuwa kushoto.

"Mkono wako wa kushoto, shemeji," Arsenio akasema kwa upole, akimfuta majani mabegani. "Haujui unachofanya. Unavuta wenyewe. Ndiyo hivyo kwa mafundi cherehani, mmezoea kuvuta kitambaa kwa kushoto."

Maneno yalimwingia, maana kitambaa kweli alikivuta kwa kushoto. Akaenda nyumbani kuuadabisha mkono ule. Akakanda unga wa arepa, ile mikate yetu ya mahindi, kwa kushoto. Akateka maji kwa kushoto, ndoo nzima kutoka bombani mpaka jikoni, akipita mbele ya nyumba za watu huku ameinama upande kama mlango uliotoka bawaba. Akaweka mpira wa vitambaa chakavu chini ya mto, akawa anaufinya kabla ya kulala na kabla ya kuamka. Siku moja akajaribu kukata joho la kwaya kwa mkono ule ule, akaliharibu, akanunua kitambaa kingine kimyakimya. Wateja wakamtania.

"Bi Mina, unajiandaa kupigana ngumi?"

"Najiandaa kukutia adabu wewe. Simama wima nikupime."

Tiara ikaendelea kuanguka kushoto. Mwezi wa Mei Arsenio akampa dawa. "Rudisha bega la kulia nyuma," akasema. "Ngumi ya kulia iweke nyongani. Kushoto unyooshe mbele, uache ulegee. Hivyo hivyo. Kila mtu ana mkao wake, na huu ndio wako."

Na kweli, kwa mkao huo tiara ilikaa hewani. Bi Mina alisimama kilimani amejipinda kama mtu anayesikiliza mlangoni kwa jirani, na ile ya kijani ikatetemeka juu nusu dakika, dakika nzima, kabla ya kushuka kombo. Akapiga kelele za furaha. Akageuka awaone wenzake wa kilimani, watu saba au wanane wa kila Jumamosi, kila mmoja na chupa yake ya maji moto ya sukari guru. Wote walikuwa wanatazama viatu vyao.

Alidhani wanaficha kicheko, naye hakuwalaumu. Mjane wa miaka hamsini na minane aliyejipinda vile, hata yeye angecheka.

Mmoja tu alisogea. Custodia, mwenye bucha, mwanamke wa mikono minene aliyerusha tiara tangu kabla ya ndoa yake. Alikuja mpaka hatua mbili, akamtazama bega, akazitazama nyuzi.

"Bi Mina, mwenzangu, hebu..."

"Ana mwalimu, huyu," Arsenio akasema, bila kupandisha sauti.

Custodia akammiminia Bi Mina kikombe cha maji moto, akamkatia na kipande cha jibini, akarudi zake.

Kufika katikati ya Julai, Bi Mina aliweza kupanda na kushuka. Kona hakuweza. Kurusha sambamba na tiara ya buluu ndiyo kabisa, kila wakijaribu alimwendea Arsenio kama mlevi anayetaka kukumbatia mtu. Wiki mbili kabla ya sikukuu Arsenio akaja nyumbani, kofia mkononi, na nyuma yake alikuwa Ovidio, dereva wa gari la maziwa, jamaa wa miaka thelathini na kitu anayenukia mafuta ya nywele.

"Shemeji," Arsenio akaanza, akakwama. "Sijui niseme vipi. Mimi sitaki uaibike mbele ya mji mzima. Mkono ule... umejitahidi, Mungu anaona umejitahidi."

Hapa ndipo panaponiuma mimi, hata leo. Alimwonea huruma! Bi Mina alimwona mtu mpole anateseka kutamka neno gumu, akaamua kumtua mzigo. Akamshika mkono.

"Usihangaike, shemeji. Naujua mkono wangu. Mchukue Ovidio. Airushe ya kijani yeye, mradi iwepo."

Arsenio akatoa machozi. Akala mikate mitatu ya jibini iliyotoka tanuri saa ile ile. Walipotoka, Bi Mina akakaa mbele ya cherehani, akaupiga mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, mara mbili, kwa nguvu, kama unavyompiga paka aliyemwaga maziwa.

Siku ya Alhamisi kabla ya sikukuu aliamua kufanya jambo la mwisho kwa ajili ya tiara ile. Ncha za nyuzi huvikwa ala nyembamba za kitambaa ili zisikatike, na hizo za mazoezi zilikuwa zimechakaa. Akasema atamshonea Ovidio mpya, asije akaaibisha kazi yake. Ili apime kitambaa, akatundika vitanzi vyote viwili kwenye msumari wa geti, akatembea na ncha za pili kushuka kichochoro chote mpaka nguzo ya mwisho. Akazinyoosha. Uzi wa kulia ukafika nguzoni. Wa kushoto ukaishia vidole vinne kabla.

Akarudi getini, akahakikisha vitanzi. Akatembea tena. Vidole vinne.

Nyuzi hulegea, akajiambia. Wa kulia umevutwa zaidi kuliko mwenzake, ndiyo hivyo. Lakini mikono yake ya ufundi ilikuwa imeshachukua kisu kidogo cha kufumulia mishono, na ikaanza kazi kabla yeye hajakubali. Akaifumua ala ya uzi mfupi. Ndani yake, umekunjwa vizuri na kulala kama mtoto, ulikuwa uzi uliobaki, umefichwa. Na kilichoushikilia kilikuwa kifundo kidogo, kigumu, cha mtu anayefunga vitu vidogo kila siku ya maisha yake, kimezungushiwa uzi wa kijani.

Bi Mina akakaa chini pale pale kichochoroni. Mwisho wa uzi ule wa kijani ulikuwa umechanikachanika, maana haukukatwa kwa mkasi. Ulikatwa kwa meno.

Hakulia. Alichohisi kwanza, na alikuja kukisema mwenyewe baadaye, kilikuwa furaha ya ajabu. Mkono wake haukuwa na kosa! Ndoo zote zile, unga, joho lililoharibika, na mkono maskini haukuwa na kosa. Akaubusu. Akakichomoa kifundo kikiwa kizima, akakihifadhi, akazilinganisha nyuzi mpaka zikawa sawa kama pindo mbili za pazia moja, akapima mara mbili, akapima mara ya tatu. Alfajiri ya Ijumaa, kabla mwenye duka la mkate hajafungua, alikuwa kilimani peke yake. Leo, akajiambia, nitairusha kama Eliécer.

Tiara ikapanda mita tano, ikainama kulia, ikachimba ardhi kwa pua.

Akaisimamisha. Ikainama kulia. Akajikaza, akasimama wima, akasema kwa sauti, "Mikono sawa, Mina, mikono sawa," na alipokuwa bado anasema, bega la kulia likarudi nyuma lenyewe, ngumi ikaenda nyongani, tiara ikaanguka kulia. Mara tisa. Mara kumi. Miezi minne aliufundisha mwili wake kuziba pengo la vidole vinne, na sasa pengo halikuwepo tena kwenye nyuzi. Lilikuwa ndani yake. Hapo ndipo alipolia.

Arsenio alipopanda kuifuata tiara kwa ajili ya mazoezi ya Ovidio, alimkuta ameketi kwenye nyasi, ameikumbatia. Alikuwa na kile kifundo kiganjani. Alimwonyesha.

Arsenio akakitazama jinsi anavyotazama saa iliyoletwa imekufa.

"Shemeji..."

"Hapana. Niambie kwa nini, halafu uniite unavyotaka."

"Nilidhani utachoka," akasema. "Wiki tatu, nne, utachoka mwenyewe, uache. Ungeacha kwa amani. Hukuchoka."

"Ungesema hutaki."

"Nimwambie mjane wa kaka yangu sitaki? Kaka hajamaliza mwezi kaburini? Watu wangenionaje?"

"Kwa hiyo ulikuwa unajitengenezea sura yako."

"Sikiliza, Mina." Sauti ilipanda, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Bi Mina kuisikia ikipanda. "Miaka ishirini na miwili nimemfuata Eliécer. Anakata kona, nafuata. Anashuka, nafuata. Watu wanasema ya kijani, ya kijani, mmeiona ya kijani? Nikasema mwaka huu mmoja tu, niongoze mimi. Halafu unakuja wewe na macho yale yale, unaijua kila kona. Ungenifunika ndani ya mwezi. Nilikuona siku ya kwanza unavyoshika vishikio."

"Uliona."

"Niliona."

"Ukaniambia mkono wangu mbovu."

Arsenio akafuta jasho kwa kofia.

"Ungesema hapana, Arsenio," Bi Mina akasema, na hakumwita shemeji, wala hakumwita tena hivyo tangu siku hiyo. "Hapana ningeilia siku mbili, ya tatu nikakushonea tiara mpya. Nilikukandia mikate! Nikakubembeleza! Ukaila mikate yangu ukijua."

"Nisamehe."

"Nikusamehe kwa mkono upi?"

Akasimama, akaweka tiara begani, akashuka kilima. Arsenio akabaki pale na kofia yake. Hakuipata ya kijani.

Jumapili uwanja ulijaa. Mahindi yanachomwa, bendi inapuliza, watu wamejifunika mablanketi yao ya sufu mabegani, na juu ya kanisa tiara ya buluu na nyingine nyekundu ya dukani, ya Ovidio, zikizunguka. Arsenio aliongoza, na nasikia aliongoza vizuri. Bi Mina hakwenda kuona. Alikuwa kilimani, amevaa sweta la kahawia ambalo asubuhi ile alilifanyia kazi ya ajabu: ameshona mkono wa kulia wa sweta ubavuni, kuanzia kiwiko mpaka kiunoni, mshono wa nguvu, ili mkono ule usipate njia ya kurudi nyuma.

Tiara ikapanda, ikayumba kulia, akaiokoa. Ikapanda tena. Mshono ulimkaba, lakini ulishika.

Akasikia mtu anahema nyuma yake. Custodia, amepanda kilima kizima na aproni yake ya bucha.

"Nimetafuta ya kijani uwanjani sijaiona," akasema. Akatazama lile sweta, akaelewa nusu. "Na Arsenio je?"

"Anaongoza."

"Mwalimu wako sasa ni nani, Bi Mina?"

"Sina mwalimu."

Custodia akavuta pumzi kama mtu aliyefunguliwa mkanda. "Basi shusha bega la kulia. Si kulibana, lishushe. Magoti yalegee. Kushoto kwako kuko sawa, hakujawahi kuwa na shida yoyote, uamini tu mkono huo. Sasa vuta zote pamoja, kidogo. Kidogo!"

Bi Mina akashusha bega. Tiara ikasimama, ikatulia, halafu ikapanda wima, wima kabisa, mpaka nyuzi zote mbili zikaimba kwa sauti moja.

"Umeona!" Custodia akapiga makofi. "Umeiona inavyokwenda?"

Bi Mina hakuondoa macho juu. "Custodia. Ulijua tangu lini?"

Makofi yakaisha. "Jumamosi ya pili," Custodia akasema taratibu. "Nyuzi zilionekana tu kuwa haziko sawa, mtu akisimama pembeni yako."

"Wewe peke yako?"

"Wote, mwenzangu. Kilima kizima. Lakini ulikuwa na mwalimu."

Chini uwanjani watu walipiga vigelegele, mtu amekata kona nzuri. Tiara ya kijani ilikuwa imetulia juu kabisa, mahali ambapo Eliécer alipenda kuiweka kabla ya kuishusha, na haikuinama upande wowote.

"Uliniona nabeba ndoo kwa mkono wa kushoto," Bi Mina akasema. "Nilipita mbele ya bucha yako kila asubuhi."

"Nilikuona," Custodia akasema.

Machozi yakaanza kumshuka Bi Mina mpaka kidevuni, na hakuweza kuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi.